Ganeti ya Umba imekuwa nyeusi baada ya kuikata, na nyingine imepasuka motoni

Bi Hereni, Makorora

Asalaam alaykum ndugu wapenzi wa vito. Mimi ni mwalimu hapa Tanga mjini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunga shanga, hereni na vidani nyumbani, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Mwaka huu nilijipa moyo nijaribu kazi ya mawe yenyewe, yaani kununua mawe ghafi, kuyakata kwa mkono wangu na kuyafunga kwenye fedha. Nilinunua vipande vitano kwa mfanyabiashara mwenye leseni, ambaye alinipa stakabadhi na kunieleza kuwa vyote ni ganeti kutoka bonde la Umba.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa pampu za maji, alinitengenezea mashine kwa mota ya zamani. Juu yake kuna ubao wa duara ambao naubandika msasa wa maji, na pembeni imening'inizwa chupa ya dripu inayodondosha maji tone kwa tone ili jiwe lisipate moto na vumbi lisiruke. Jiwe nalishikilia kwa kuligandisha kwenye kijiti kwa lakiri.

Kipande cha kwanza, kabla sijakigusa, nilikiinua juani kikawaka rangi nyekundu ya kizambarau kama maji ya rozela. Nikakikata umbo la kuba, juu mviringo na chini bapa, urefu milimita 14, upana milimita 10 na unene milimita 7. Kwa nje kimeng'aa vizuri kabisa, lakini kikiwa kidoleni ni cheusi kama mkaa, na wanangu wanasema nimevaa kifungo cha koti. Rangi ile ya rozela imekwenda wapi?

Kipande cha pili kilikuwa kidogo zaidi na chenye rangi ya waridi. Nilikifunga kwenye pete niliyoitengeneza kwa kuyeyusha kikuku cha zamani cha bibi yangu. Baada ya kukifunga niligundua kuwa duara la pete lina ufa upande wa kiganjani, nikachukua tochi ya gesi, nikalehemu ufa ule kito kikiwa mahali pake, kisha nikaitumbukiza pete kwenye bakuli la maji baridi kama nilivyowaona wahunzi wakifanya. Nilisikia mlio mdogo, na nilipoitoa nikakuta jiwe limejaa nyufa kama utando wa buibui, ingawa halijavunjika vipande. Je, ni moto ulioliharibu, ni maji, au niliuziwa jiwe bovu tangu mwanzo?

Mkata Vito, Chumbageni

Waalaykumu salaam, mwalimu. Nitalijibu swali la weusi peke yake, kwa sababu la moto lina wenyewe humu.

Rangi yako haikwenda popote, imerundikana. Ganeti nyekundu hupata rangi yake kwa sehemu kubwa kutokana na chuma kilichomo ndani ya jiwe, na kila milimita ambayo nuru inapita humeza sehemu ya nuru hiyo. Ulipoinua jiwe juani ulikuwa unatazama nuru kali ikipita mara moja kutoka nyuma kuja machoni mwako, jambo ambalo halitokei kamwe jiwe likiwa kidoleni. Pale nuru lazima iingie kwa juu, ishuke milimita 7, igeuke, kisha ipande milimita 7 nyingine, na kwa rangi nzito kama hiyo inayorudi ni kidogo sana. Ndiyo maana wazoefu hawachagui jiwe ghafi kwa kuliinua juani. Huliloweka maji, wakaliweka juu ya karatasi nyeupe kivulini, na likionekana zito hapo wanajua kwamba litakatwa dogo au litakatwa jembamba.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaitaji, nayo ni ule upande wa chini ulio bapa. Nuru iliyo ndani ya ganeti hurudishwa juu pale tu inapougonga upande wa chini kwa mshazari unaozidi nyuzi 35 hivi kutoka kwenye wima. Ikishuka wima na kukuta uso bapa inapita moja kwa moja kama inavyopita kwenye kioo cha dirisha, na kilichoko nyuma ya dirisha lako ni fedha na kidole, pahali pasipo na mwanga. Wanaokata kwa nyuso nyingi huziteremsha pande za chini kwa nyuzi 40 hadi 42 ili nuru igonge upande mmoja, ivuke hadi wa pili na kupanda tena. Umbo la kuba halina msaada huo, kwa hiyo wembamba wa kuba ndio rafiki yako.

Jiwe lenyewe usilitupe, kwa kuwa tatizo hili ni la kale na dawa yake nayo ni ya kale. Warumi waliyaita mawe mekundu ya kuba carbunculus, yaani kikaa kidogo, na mafundi wa Ulaya wa karne ya 19 waliokuwa wakifunga ganeti nzito katika bangili na vipini vya kifuani walizoea kulichimba jiwe kwa chini, tumbo likabaki na shimo kama la kibakuli. Ukilitazama kwa juu hulioni shimo, unaona rangi tu. Tafuta drili ndogo ya mkono na kichwa cha mviringo chenye vumbi la almasi, uweke jiwe ndani ya sahani yenye maji, uchimbe taratibu pasipo kukandamiza, hadi katikati pabaki unene wa milimita 2 au 2 na nusu, na kingo uziache nene ili zisimeguke unapofunga. Baadaye ling'arishe shimo hilo kwa kijiti cha mti laini na unga ule ule unaoutumia kwa juu, maana shimo lenye mikwaruzo hutawanya nuru na jiwe litaonekana lina ukungu. Pete nayo uiache wazi kwa chini.

Mashine ya mpwa wako nimeipenda, hasa hiyo chupa ya dripu. Hata hivyo nakusihi mota ikae juu kuliko maji na waya wa ardhini uwepo. Na maji yasikosekane hata siku moja, kwani mawe mengi ghafi huja yameng'ang'aniwa na madini ya kwatzi, na vumbi kavu la kwatzi likiingia mapafuni halitoki.

Mjukuu wa Sonara, Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Babu yangu alikuwa sonara hapa hapa mjini, na kama angesikia kwamba umelehemu pete kito kikiwa ndani angekunyang'anya tochi kwanza, ndipo akakupa chai.

Kazi ya fedha ina mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio ufundi. Kwanza hukunjwa duara la pete na kulehemiwa kwa lehemu ngumu, ile inayoyeyuka kwa joto la juu zaidi. Kisha hutengenezwa ule ukanda mwembamba utakaokizunguka kito, nao ukalehemiwa juu ya duara kwa lehemu iliyo laini zaidi ya ile ya kwanza, ili unapoupasha ukanda maungo ya awali yasifunguke. Baada ya hapo pete huingia kwenye tindikali hafifu yenye uvuguvugu ili iachane na weusi wa moto (na hapo kumbuka kwamba tindikali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali), ndipo hufuata tupa, msasa na kung'arisha. Kito huwekwa mwisho wa yote, ukanda ukakandamizwa juu yake kidogo kidogo, upande huu na upande wa pili, kama mtu anayekunja ukingo wa mkeka. Ukiona ufa baada ya hapo, fungua ukanda, toa kito, lehemu, kisha ukirudishe. Ni kazi ya nusu saa ambayo ingekuokolea jiwe.

Usidhani kwamba kwa kuwa uliupasha upande wa kiganjani tu, kito kilikuwa salama. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha. Hata lehemu laini ya fedha inataka joto la zaidi ya nyuzi 600, na sehemu moja ya pete ikifika hapo nyingine zote haziko mbali. Palipokuwa hapana budi, pengine mteja amesimama mlangoni na kito hakitoki, babu alikuwa akichukua nusu ya kiazi kibichi, akakichomeka kito humo ndani hadi shingoni, akalehemu kwa moto mwembamba na wa haraka. Maji ya kiazi hunyonya joto kabla halijafika kwenye jiwe. Lakini hata yeye hakufanya hivyo kwa furaha, na pete aliiacha ipoe yenyewe.

Neno moja kuhusu kikuku cha bibi. Vikuku vingi vya zamani vya pwani vilifuliwa kutokana na reale za Maria Theresa, zile sarafu zilizoandikwa mwaka 1780 ambazo ziliendelea kuchapwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya malkia huyo wa Austria kufariki. Reale moja ina gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni 833, inayobaki ni shaba zaidi. Hiyo ni pungufu ya fedha ya 925 wanayoitumia masonara leo, kwa hiyo inaanza kulainika kabla ya nyuzi 961 ambazo fedha halisi huyeyukia na inapata weusi zaidi motoni. Inawezekana kabisa kwamba ufa wako ulitokana na kuikunja pete ikiwa ngumu. Fedha yenye shaba, kila ukiigonga nyundo mara kadhaa, inataka kupashwa hadi iwe nyekundu hafifu na kuachwa ilainike, vinginevyo inachoka na kupasuka.

Mpima Miamba

Nimesoma majibu yote na nakubaliana na mengi, ila nina shaka na jambo moja. Kaka Mjukuu wa Sonara anazungumza kana kwamba kila kito kikiona moto kinakufa. Ganeti ni miongoni mwa mawe yanayostahimili joto; kuna viwanda vinavyopanga ganeti na yakuti ndani ya nta na kumimina metali iliyoyeyuka juu yake, mawe yakatoka salama, mradi yawe safi ndani na yapoe polepole. Kwa hiyo kama jiwe la mwalimu lilikuwa ganeti isiyo na kasoro, basi nahisi lilipasuliwa na bakuli la maji baridi, wala si tochi. Uso unasinyaa ghafla huku kiini kingali kimepanuka, na hapo lazima kitu kiachie.

Ila mimi sijasadiki bado kwamba lilikuwa ganeti. Umba si bonde la jiwe moja. Mto wenyewe unashuka kutoka milima ya Usambara, unavuka kuingia Kenya na kumwaga maji baharini karibu na Vanga, na katika changarawe za bonde hilo yamekuwa yakipatikana yakuti ya rangi nyingi, ganeti za aina kadhaa, turmalini na zirkoni, mengine yakifanana kiasi kwamba hata wazoefu hukosea. Historia ya jina moja inatosha kuonyesha. Miaka ya 1960 wachimbaji waliokuwa wakitafuta ganeti ya rangi ya zambarau walikutana na ganeti za rangi ya chungwa na waridi ambazo wanunuzi hawakuzitambua, wakazikataa, nazo zikabandikwa jina la malaya kwa kuwa hazikuwa na kwao. Samahani kwa neno hilo, lakini ndilo linaloandikwa mpaka leo katika vitabu vya vito duniani, na jiwe lililotukanwa siku hizo sasa linatafutwa kwa bei nzuri.

Mwalimu, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza, tafuta sumaku yenye nguvu, kama ile iliyomo ndani ya diski ya kompyuta iliyokufa. Ya spika ya kawaida haitoshi. Chukua kipande cha boksi jeupe jepesi linalofungashiwa televisheni, kielee kwenye beseni la maji, weka jiwe juu yake, kisha sogeza sumaku karibu bila kugusa. Ganeti nyekundu ina chuma cha kutosha kuvutwa, na boya litaifuata sumaku. Turmalini ya waridi itajikongoja kwa shida au isisogee kabisa.

La pili ni la uzito. Kama una mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ulifunge jiwe kwa uzi na kulizamisha bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa wa pili. Ganeti ya aina hiyo itakupa karibu 3.8, turmalini karibu 3.05, na kioo cha kawaida karibu 2.5. Jiwe lililofungwa kwenye pete lazima litolewe kwanza, la sivyo unapima fedha.

Bi Hereni, Makorora

Nawashukuru sana, na sasa naona aibu kwa kuwa nimefundisha wanafunzi kanuni ya Arkimedi miaka yote hii bila kufikiria kuipeleka kwenye sanduku langu la vito.

Sumaku nimeitoa kwenye kompyuta ya zamani ya mpwa wangu (yeye anadai haikuwa imekufa). Jiwe jeusi lilipowekwa juu ya boya liliifuata sumaku kutoka ukingo hadi ukingo wa beseni, na watoto wamekataa kwenda kulala. Uzito wake ni gramu 1.96, maji yaliyosukumwa ni 0.51, kwa hiyo ni 3.84. Lile lililopasuka nimelitoa kwenye pete. Boya halikusogea kwa namna ya kuonekana. Uzito ni gramu 1.40, maji 0.46, jibu 3.04. Katika vipande vitatu vilivyobaki, viwili vimevutwa na kimoja kimekataa.

Kwa hiyo niliuziwa turmalini kwa jina la ganeti? Na je, jiwe lililojaa nyufa lina matumizi yoyote?

Mpima Miamba

Ndiyo, hesabu yako inaelekea huko. Kwa uhakika zaidi lichukue lile lililokataa na ambalo bado ni zima, ulitazame mbele ya dirisha huku ukiligeuza polepole. Turmalini huonyesha rangi nzito ukiitazama kwa upande mmoja na nyepesi kwa mwingine, wakati ganeti haibadiliki hata uigeuze vipi. Sidhani mfanyabiashara alikuhadaa kwa makusudi, kwa sababu turmalini nzuri ya waridi mara nyingi haiuzwi kwa bei ndogo kuliko ganeti. Anapokusanya changarawe za bonde moja kwenye bakuli moja anazitenganisha kwa macho, na macho hayana mizani.

Hapo pia namrudishia Mjukuu wa Sonara haki yake. Turmalini haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto, na mara nyingi ina vimiminika vidogo vilivyonaswa ndani ambavyo hupanuka vikipashwa na kuipasua kutoka ndani. Kwa jiwe hilo tochi peke yake ingetosha, maji yalikuja kumalizia tu.

Mjukuu wa Sonara, Ngamiani

Haki nimeipokea. Mwalimu, jiwe lenye nyufa usilipeleke tena kwenye mashine kama lilivyo, litameguka na kipande kinaweza kukurukia jichoni. Liweke kwenye kitambaa, uligonge taratibu kwa nyundo ndogo ligawanyike penye nyufa zake, kisha tazama kama kuna vipande viwili safi vya milimita 4. Vikipatikana, hivyo ni hereni, na kwa hereni rangi ya waridi itapendeza kuliko ingekuwa kwenye pete, kwa sababu nuru inapita pande zote.

Bi Hereni, Makorora

Nimepata viwili safi na cha tatu chenye ukungu kidogo. Swali la mwisho, tafadhali. Baada ya msasa wa namba 1200 kuna mikwaruzo midogo inayoonekana kwenye taa tu. Nimesikia kwamba gurudumu la katani linang'arisha, na huku kwetu katani haijawahi kuwa haba tangu Mjerumani Hindorf alete miche yake ya mkonge mwaka 1893. Je, nitumie hilo?

Mkata Vito, Chumbageni

Kwa fedha, ndiyo. Gurudumu la katani lililopakwa sabuni ya kung'arishia linaondoa alama za tupa kwa haraka kuliko pamba, kisha pamba inamalizia. Kwa jiwe, hapana. Katani ni ngumu na inapasha joto, na vito hivi vidogo vitachomoka kwenye lakiri kabla havijang'aa.

Rudi nyuma kwenye msasa wa 600, wenye punje kubwa zaidi, kwa kuwa mikwaruzo unayoiona kwenye taa kwa kawaida haikuletwa na 1200. Iliachwa na namba iliyotangulia ambayo hukuimaliza. Osha jiwe, mikono na ubao kila unapobadilisha namba, maana punje moja ya msasa mkubwa inatosha kuharibu jioni nzima. Nenda 600, 1200, 3000, na kila unapobadili geuza mwelekeo wa mkono ili mikwaruzo mipya ikatize ya zamani na uweze kuona ni ipi iliyobaki. Malizia kwa kipande cha ngozi kilicholoweshwa na unga mweupe wa oksidi ya alumini, mwendo wa polepole, na ngozi iwe na unyevu tu, isiwe inatiririka.

Mjukuu wa Sonara, Ngamiani

Na mwalimu, vikishang'aa usivifunge peke yako mara hii. Duka letu liko karibu na soko la Mgandini, njoo Jumamosi asubuhi na fedha yako iliyobaki tukunje hizo kanda pamoja. Viazi nitaviacha nyumbani.